Kutafuta kioo mbadala cha gemu za vekta: ilinde koili, kioo kitapatikana

Anayefufua mashine ya gemu ya vekta hufika mahali pamoja: bodi ya gemu inatoa sauti, vitufe vinaitikia, lakini kioo kiko kimya. Au kinawaka, ila kimeungua kiasi kwamba maandishi ya alama yanasomeka hata umeme ukiwa umezimwa. Hapo ndipo watu wengi huanza kusaka monita nzima ya kubadilisha, na hapo ndipo hasara huanza, kwa sababu njiani hutupa kitu pekee ambacho kwa kweli ni kigumu kupatikana.

Tuanze na tofauti iliyopo. Katika TV ya chogo mwale wa elektroni hupita njia ileile siku zote: kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, mstari chini ya mstari, na kinachobadilika ni mwanga tu. Katika gemu ya vekta mwale ni kama kalamu. Bodi inauambia uende pointi hii, uwake, uchore hadi pointi ile, uzimike, uruke. Asteroids (1979), Battlezone (1980), Tempest (1981) na Star Wars (1983) zote huchora hivyo. Unga wa fosfa ulio ndani ya kioo ni uleule wa televisheni, na hata bunduki ya elektroni ni ndugu yake. Kilicho tofauti ni koili zilizo shingoni mwa kioo, ambazo mafundi huziita yoki, pamoja na amplifaya zinazozisukuma. Kwa hiyo ukitaka kuokoa mashine, yoki ya asili usiitoe mkononi. Ikiwa hai, kioo kina mbadala nyingi.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha kwanza kwamba monita ndiyo mbovu. Monita nyingi za Atari zina sakiti ya kulinda kioo: isipoona mawimbi ya X (kushoto-kulia) na Y (juu-chini) yakicheza, inauzima mwale ili usisimame mahali pamoja na kuunguza fosfa. Sakiti hiyo ikifanya kazi, LED nyekundu kwenye bodi ya monita huwaka. Mtu akiona kioo cheusi na LED nyekundu, huhukumu kwamba monita imekufa, kumbe bodi ya gemu ndiyo haitoi mawimbi, au waya mmoja wa kontakta umelegea.

Njia ya kujua ni osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Iweke kwenye hali ya X-Y, chaneli ya kwanza kwenye X ya bodi na ya pili kwenye Y. Bodi nyingi za Atari zina sehemu za kupimia zilizoandikwa X OUT, Y OUT na Z OUT (Z ni wimbi la kuwasha na kuzima mwale), kwa hiyo hakuna haja ya kutoboa wala kulehemu. Anza na volti 1 kwa kila mraba, mwanga ukiwa chini kabisa, kisha panda polepole. Bila Z utaona pia mistari ya kuruka ambayo mchezaji hapaswi kuiona, na doa kali katikati mwale unapopumzika. Hiyo ni kawaida. Ukiona mawe ya Asteroids yanaelea mle ndani, bodi ni nzima, na kazi yako iko upande wa monita. Ukiona doa tu, acha monita, rudi kwenye bodi.

Hatua hii huchukua dakika kumi, na imeokoa vioo vingi vilivyokuwa vimeshaandikiwa hukumu.

Pili, tenganisha tatizo la kioo na la chasi, yaani bodi za umeme zinazokiendesha. Hita ya kioo, waya unaopasha bunduki ya elektroni, ikiwaka rangi ya chungwa shingoni na volti kubwa ya kioo (ya maelfu) ipo, lakini picha ni hafifu na hukolea baada ya dakika nyingi, kioo kimechoka. Hita isipowaka kabisa, pima pini zake mbili kwa mita: kioo kikiwa baridi unatarajia omu chache tu. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika, kioo hicho ndicho basi. Ukiona rangi ya zambarau inang'aa ndani ya shingo, au kile kipaku cha fedha kwenye glasi ya shingo kimegeuka cheupe kama maziwa, hewa imeingia. Hapo hakuna fundi atakayekiponya.

Lakini hita ikiwaka na picha ikawa mstari mmoja, au imekunjamana upande mmoja, au haipo kabisa, tafuta kwenye transista za nguvu. Monita ya Wells-Gardner 6100, iliyofungwa kwenye mashine nyingi za rangi za Atari, hutumia transista za chuma 2N3716 na 2N3792. Zinapobadilishwa, kosa la kawaida ni karatasi ya maika ya kuzuia umeme iliyo chini yake kusahaulika au kutobolewa na chembe ya chuma. Baada ya kukaza skrubu, pima kati ya mwili wa transista na chasi, ambapo mita haitakiwi kuonyesha njia yoyote. Kisha washa monita yoki ikiwa imechomolewa, balbu ya waya ya wati 60 au 100 ikiwa imepangwa kwa mfuatano kwenye umeme wa kuingia. Tokeo la kila amplifaya, bila mawimbi, liwe karibu na sifuri. Likikaa karibu na volti ya usambazaji, chanya au hasi, kuna transista iliyoshoti. Usirudishe yoki hapo: mkondo huo usiosimama ndio unaounguza koili, na koili ndiyo tunayoilinda.

Nani anaingia mahali pa nani

Kwa mashine za Atari za rangi moja, Electrohome G05 na Wells-Gardner V2000 zilitumiwa kwa kubadilishana, kwa hiyo ukipata mojawapo yenye ukubwa sawa, kazi imekuwa nyepesi. Kwa rangi, Atari walitumia Wells-Gardner 6100 na Amplifone. Hizi mbili mawimbi yake yanafanana vya kutosha, ila angalia kontakta na umeme wake kwenye michoro ya mashine yako kabla ya kuchomeka, na ukubali kwamba utarekebisha upya ukubwa na katikati ya picha. Transfoma ya volti kubwa ya Amplifone inajulikana kwa kufa, na zimekuwa zikitengenezwa mpya na wapenzi wa kazi hii. Kwa hiyo Amplifone iliyokosa volti kubwa haijawa takataka.

Cinematronics, kampuni nyingine ya gemu za vekta, ni ulimwengu mwingine. Katika Space Wars (1977), Rip Off au Star Castle, bodi ya gemu haitoi X na Y za analogi. Inatoa namba, kupitia utepe mpana wa nyaya, na vipande vya kugeuza namba kuwa volti, DAC80, vimekaa kwenye monita yenyewe. Ukiitupa monita hiyo umetupa nusu ya gemu. Hata ukibadilisha kioo chake, bodi ya monita ibaki. Ukitaka kuweka monita ya Atari mle ndani, utahitaji bodi ya kati ya kufanya kazi hiyo ya kugeuza.

Kwa nini yoki ya TV haikubali

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake linapigiwa hesabu kwa mkono. Volti inayohitajika kubadilisha mkondo kwenye koili ni induktansi (kiasi koili inavyopinga badiliko la mkondo, hupimwa kwa henri) mara badiliko la mkondo, gawanya kwa muda. Chukua koili ya vekta ya milihenri 0.2 na utake mkondo ubadilike ampea 2 ndani ya mikrosekunde 20. Unapata volti 20. Usambazaji wa takriban volti 25 hadi 35 kila upande, chanya na hasi, unatosha, na ndivyo monita hizi zilivyojengwa.

Sasa chukua koili ya wima ya TV, tuseme milihenri 20. Induktansi ni mara mia, maana yake mizunguko ni mara kumi. Mizunguko ikiwa mingi hivyo, mkondo wa kusogeza mwale umbali uleule ni moja ya kumi, yaani ampea 0.2. Fanya hesabu: volti 200. Amplifaya yako haina volti 200. Itajitahidi, itafika mwisho wa uwezo wake, na mstari ulionyooka utageuka kuwa mkia wa panya. Herufi zitajipinda, mawe yatakuwa mayai. TV yenyewe haikuwahi kuhitaji kasi hiyo, kwani koili ya wima hupanda na kushuka mara 50 au 60 tu kwa sekunde.

Koili ya mlalo ya TV iko karibu zaidi. Tuseme ni milihenri 1.8: mizunguko mara tatu ya ile ya vekta, mkondo theluthi, volti 60. Bado ni nyingi, lakini koili hiyo ina nusu mbili, na katika baadhi ya yoki zimeunganishwa kwa mfuatano. Zikiwa hivyo, zikate na uziunganishe sambamba, kila nusu ikibaki na mwelekeo wake, na induktansi inashuka hadi robo: milihenri 0.45. Mkondo unapanda mara mbili, volti inashuka hadi 30. Inakaribia. Ukiunganisha nusu moja kinyume, sumaku zake zitafutana na mwale hautasogea kabisa. Zima mara moja, geuza nyaya mbili za nusu moja.

Kwa upande wa wima hakuna ujanja wa kuunganisha utakaofaa, inabidi kusuka upya. Yoki ambazo wima yake imezungushwa kwenye pete ya feraiti kama uzi kwenye bangili ndizo zinazofaa, kwa sababu pete hufunguka vipande viwili na waya unatoka. Hesabu mizunguko ya kila nusu unapofungua, na kabla ya hapo piga picha jinsi ilivyopangana: mahali pengine imebanana, pengine imeachana, na mpangilio huo ndio unaonyoosha picha. Ukisuka kwa nafasi sawa kila mahali, mraba utatoka umebonyea kama mto wa kulalia. Weka moja ya kumi ya mizunguko. Kwa kuwa mkondo sasa ni mara kumi, shaba nayo iwe nene mara kumi kwa eneo: penye waya wa milimita 0.25 panahitaji kama milimita 0.8. Waya wa unene huo ni mgumu na hukataa kukaa, kwa hiyo tumia nyuzi nne za milimita 0.4 kwa pamoja. Eneo ni lilelile, na zinapinda kwa vidole.

Kazi hii ni ya siku nzima na matokeo yake kwa kioo cha rangi moja huwa mazuri. Kwa kioo cha rangi tusingeshauri kuanza nayo. Kukutanisha bunduki tatu za elektroni (nyekundu, kijani na bluu) kwa yoki uliyosuka mwenyewe ni shughuli nyingine kabisa.

Kuhamisha kioo cha TV chini ya yoki ya vekta

Hii ndiyo njia tunayoiamini kuliko zote, kwa sababu inaacha kila kitu cha asili isipokuwa glasi. Unatafuta TV ya chogo yenye kioo kinacholingana, unachukua kioo peke yake, unakivika yoki ya zamani.

Usalama kwanza, kwa maneno machache. Kioo hushika chaji hata siku nyingi baada ya kuzimwa. Chomoa umeme, chukua bisibisi yenye mpini mzima wa plastiki, uifunge waya wenye klipu, na klipu iende kwenye ule msuko wa waya mtupu unaozunguka mgongo wa kioo. Isiende kwenye mwili wa transista wala ethi ya bodi, maana mshtuko utapita kwenye sehemu dhaifu. Ingiza ncha chini ya kofia ya anodi, ile ya mpira inayoleta volti kubwa kwenye kioo, mpaka iguse chuma. Utasikia tik. Subiri dakika tano, rudia: glasi hurudisha chaji kidogo yenyewe. Vaa miwani, na usibebe kioo kwa kukishika shingo kamwe.

Kuhusu ulinganifu, vitu hivi ndivyo vinavyoamua.

Unene wa shingo. Pima kwa kalipa. Shingo ya milimita 29 na ya milimita 22.5 zinaonekana karibu sawa kwa macho, lakini yoki ya moja haiwezi kukaa kwa nyingine.

Pembe ya kupinda mwale. Nyuzi 90, 100 na 110 ndizo utakazokutana nazo sana. Yoki hukaa kwenye shavu la kioo pale shingo inapopanuka, na shavu la nyuzi 110 hupanuka ghafla zaidi. Yoki ya 90 ikiwekwa hapo hubaki mbali na shavu, mwale unagonga ukuta wa shingo, na pembe nne za picha hufichwa na kivuli cha mviringo. Ukiona kivuli cha aina hiyo hata baada ya kusukuma yoki mbele kabisa, umechukua pembe isiyo yake.

Hita na pini. Nyingi ni volti 6.3, lakini mpangilio wa pini hutofautiana. Soma namba iliyoandikwa kwenye lebo ya kioo, tafuta data yake, linganisha pini kwa pini. Pini zikiwa tofauti, unaweza kukata soketi ya TV ileile na kuiunganisha kwa nyaya fupi na bodi ya shingo ya monita. Kumbuka kwamba TV nyingi hulisha hita kwa mapigo kutoka kwenye flaibeki (transfoma ya volti kubwa ya TV), na mita ya kawaida husoma mapigo hayo vibaya. Usije ukaongozwa na kipimo ulichochukua ndani ya TV.

Fokasi. Hapa wengi hukwama bila kujua. Vioo vya rangi vina vikundi viwili: vinavyotaka volti ya fokasi (ya kunoa mistari) ya kama asilimia 20 ya volti kubwa, na vinavyotaka karibu asilimia 30. Kwa monita kama 6100, yenye karibu kilovolti 19.5, hiyo ni tofauti ya kati ya kilovolti 4 na kilovolti 6. Kigawanyi cha monita kikiwa cha kundi la kwanza na kioo cha kundi la pili, utazungusha kitasa mpaka mwisho na mistari itabaki na manyoya. Jaribu kabla ya kufunga kioo kwenye fremu.

Masikio ya kufungia. Pima umbali kati ya matundu ya pembe nne, na pia umbali kutoka masikio hadi uso wa kioo. Tofauti ya milimita chache hurekebishwa kwa washa. Ikizidi sentimita moja, uso utagonga fremu ya mbele au utaacha pengo.

Volti kubwa yenyewe haina ukali sana. Kioo kilichozoea kilovolti 25 kikipewa 19.5 huwa hafifu kidogo, na picha inakuwa kubwa, kwa sababu mwale mwepesi hupindika kwa urahisi. Punguza ukubwa kwenye bodi ya monita. Usipandishe volti kubwa kupita ya asili ili kutafuta mwanga: unaongeza mionzi na unaua transfoma ambayo haina mwenzake.

Kwa vioo vya rangi, baada ya kuvika yoki unaanza kazi ya usafi wa rangi, yaani kila bunduki iwashe rangi yake peke yake. Ondoa usumaku kwanza, kwa koili ya mkono, ukizungusha na kurudi nyuma taratibu hadi mita mbili kabla ya kuizima. Fungua bunduki nyekundu peke yake. Tatizo la vekta ni kwamba haiwezi kujaza kioo kizima kwa rangi moja kama TV, kwa hiyo tumia picha ya majaribio yenye mistari mingi, na uangalie mistari myekundu inapopita kila pembe. Ikigeuka chungwa au zambarau mahali fulani, rekebisha pete za usafi (za sumaku, zilizo shingoni) na usogeze yoki mbele au nyuma. Ikishakuwa nyekundu safi kila mahali, ndipo uanze kukutanisha rangi kwa pete nyingine, katikati kabla ya pembe. Pembe hurekebishwa kwa kuinamisha yoki na kuingiza kabari za mpira. Kioo cha TV kilifanyiwa yoki yake, kwa hiyo pembeni kabisa tarajia rangi zisikutane kwa kiasi kidogo. Katika Tempest, ambako ukingo wa utando uko karibu na mwisho wa kioo, utaiona. Katika Star Wars, ambako macho yako katikati, hutaiona.

Kutumia chasi ya TV kama chanzo cha volti kubwa

Chasi ya vekta ikiwa imekufa kabisa, wengine huchukua TV nzima na kutumia volti kubwa yake, huku yoki ikilishwa na amplifaya mpya. Inawezekana, kwa masharti. Flaibeki ya TV hufanya kazi ikishirikiana na koili ya mlalo: ukiichomoa yoki, mapigo hubadilika, volti kubwa huweza kupanda na transista ya mlalo hufa. Acha yoki ya TV imeunganishwa, imewekwa pembeni mbali na kioo, iendelee kula mkondo wake bila kupinda chochote. Chasi nyingi za TV zina upande uliounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo bila transfoma ya kutenganisha, ethi ya bodi ya gemu itakuwa na umeme. Na usiwashe hata kwa sekunde bila sakiti ya kuzima mwale. Mwale uliosimama hutoboa fosfa kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kufikia swichi.

Kuhusu amplifaya: Vectrex, mashine ya nyumbani ya 1982 yenye kioo cha inchi 9, ilisukuma yoki yake kwa LM379, kipande kilichobuniwa kwa ajili ya sauti. Mchoro huo huwapa watu moyo wa kutumia amplifaya ya redio. Kwa bodi za Atari kasi haitoshi. Zitakuchorea gemu ya Lunar Lander iliyochoka, na mistari mirefu itafika imechelewa.

Osiloskopu na skrini za maabara

Osiloskopu inafaa benchi kuliko kabati, kwa sababu kioo chake kina sentimita 8 kwa 10. Lakini kuna ndugu zake wakubwa: skrini za X-Y za maabara kama HP 1304A na HP 1310A, na ndogo kama Tektronix 608. Hizi zina kasi ya kutosha na zaidi, na tayari zina kiingilio cha X, Y na Z. Mambo matatu huzingatiwa. Kwanza viingilio: vingi hutaka karibu volti 1 kujaza kioo, na bodi ya Atari hutoa zaidi sana, kwa hiyo weka rezista mbili za kugawa volti kila upande. Pili Z: kwenye osiloskopu nyingi za Tektronix volti chanya huzima mwale badala ya kuuwasha, kwa hiyo gemu itaonekana kinyume, miruko inang'aa na mawe yamepotea. Transista moja ya kugeuza inatosha. Tatu rangi: nyingi zina fosfa ya kijani ya P31, wakati Asteroids ilikuwa nyeupe ya P4. Kwa Battlezone, yenye plastiki ya kijani na nyekundu mbele ya kioo, kijani cha P31 hakiwezi kupita kwenye sehemu nyekundu, na rada iliyo juu hufifia mno.

LCD, pale isipoepukika

Bodi ya kugeuza mawimbi kuwa picha ya LCD husoma X, Y na Z kwa sampuli milioni kadhaa kwa sekunde na kuchora mistari kwenye kumbukumbu ya picha. Ukubwa wa LCD ndio mtego wa kwanza. Nyingi za inchi 19 ni za uwiano wa 5:4, pikseli 1280 kwa 1024, na duara linakuwa yai au unaacha mkanda mweusi. Tafuta ya inchi 20.1 ya 4:3, pikseli 1600 kwa 1200: eneo lake linakaribia sana kioo cha inchi 19, na linatosha ramani ya pointi 1024 ya bodi.

Kinachopotea ni mng'ao. Risasi za Asteroids ni mwale uliotulia kwenye nukta, na kwenye kioo halisi zinachoma macho kuliko meli yenyewe. LCD ina nyeupe moja tu, ikishafika hapo imefika. Tumia nyeupe kamili kwa nukta hizo, na ushushe mistari mingine hadi kama nusu, angalau tofauti ionekane.

Mahali ambapo LCD haifai hata kidogo ni Asteroids Deluxe (1981) ya kusimama. Monita imelala, picha inaakisiwa na kioo cha nusu-uwazi, na nyuma yake kuna mchoro wa anga unaowashwa kwa taa ya urujuani. Weusi wa LCD una ukungu wa kijivu, na ukungu huo wote unaakisiwa juu ya mchoro kama vumbi. Paneli ya OLED haina ukungu huo, ila nayo huungua alama zinazokaa mahali pamoja, kwa hiyo shusha mwanga na uzime mashine isipochezwa. Kwa kioo halisi kwenye mashine hiyo, picha ikitoka imegeuka kushoto kulia, badilishana nyaya mbili za koili ya mlalo. Ikitoka juu chini, zile za wima.

Projekta ya leza huulizwa pia. Vioo vyake vya kutikisika vyenye uwezo wa pointi 30,000 kwa sekunde, kwa picha 50 kwa sekunde, vinakupa pointi 600 kwa kila picha. Meli, mawe manne na tarakimu za alama vitakula hizo zote kabla sahani ya adui haijatokea.